Siku Niliyovuka Thuci kwa Waya

Haya, kwa kuwa mmenipa uji na mmefunga mlango nisitoroke, leo nitawaeleza kwa mdomo wangu mwenyewe ile habari mnayonong'onezana nyuma yangu kila mwaka. Mjue naisimulia kwa aibu, na atakayecheka kabla sijafika kwenye kaptura, nanyamaza hapo hapo na uji wenu nauacha.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, serikali ya wazungu ikipigana na Mau Mau msituni, na sisi watu wa Embu tulikuwa tumerundikwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, hutoki bila pasi, huendi shambani bila homgadi, wale wenyeji waliopewa bunduki na serikali, kukuhesabu, na kuvuka mto Thuci kwenda upande wa Meru bila pasi mkononi ilikuwa ni kujitafutia kizuizi au risasi, ile itakayofika kwanza. Mimi nilikuwa nimepata kazi kwenye kambi ya vijana makadeti huko juu kupita Kianjokoma, pale mto ulipochimba bonde refu lenye kingo za mawe, na kazi yenyewe ilikuwa kuwafundisha kuvuka bonde kwa waya. Waya wa chuma ulifungwa kwenye mti upande wetu, juu, ukashuka mpaka kwenye mti wa muringa upande wa pili, na juu ya waya kulikuwa na kapi, lile gurudumu dogo linalotembea, na chini ya kapi mkanda wa turubai unaoukalia kama bembea. (Hayo niliyajua tangu vitani Bama, kule Asia, tulikokuwa tukivusha masanduku ya risasi namna hiyo, na siku nyingine wagonjwa, kwa hiyo msidhani nilikuwa fundi wa kubahatisha.)

Makadeti niliwafundisha kwa ukali. Kabla hujapanda, unatoa kila kitu mfukoni, kisu, ufunguo, hata pasi, unaweka kwenye kikapu, maana kitu kikichomoza kinanasa kamba na wewe unaning'inia juu ya mto mpaka ujute kuzaliwa. Unafunga mkanda, mwenzako anaukagua, halafu unangoja bendera. Upande wa pili alikaa msaidizi wangu Ireri, kijana mpole anayependa nduma za kuchoma, yeye ndiye mwenye kamba ya breki, na akishaishika sawasawa anainua bendera nyeupe, au kama bendera imelowa anainua mikono miwili juu. Bila bendera wala mikono, hakuna kuruka, hata kama mama yako anakuita kutoka ng'ambo. Hilo niliwaimbisha asubuhi na jioni.

Jambo moja tu hatukulifikiria, na ni jambo la kijinga sana nikilikumbuka. Ule mti wa muringa ulikuwa upande wa Meru. Kila kijana niliyemvusha nilikuwa nimemvusha mpaka wa Meru bila pasi, tena pasi yenyewe nimemwambia aiache kwenye kikapu. Lakini homgadi wa upande ule walitujua, walikuwa wakila nduma na Ireri, na hakuna aliyeuliza kitu.

Sasa ng'ambo ya mto huohuo ndiko kwao Kagendo, msichana niliyekuwa nimempelekea barua za moyo (kwa mdomo, maana hakusoma) tangu kabla mipaka haijafungwa. Baba yake alishakunywa pombe ya asali niliyopeleka, wajomba wakaitikia, lakini mama yake hakusema neno. Na kule mama asiponena, hakuna ndoa, kuna wazee waliokunywa pombe tu. Nilisikia alisema hataki mtu wa ng'ambo, tena anayeshinda na wazungu. Nilikuwa nangoja neno lake kwa miezi, silali vizuri, nakonda.

Siku ya mkasa, bwana D.O., mzungu wa serikali aliyetutawala, alikuja kutazama makadeti wakivuka. Nikawapanga, nikatoa maneno yangu kwa sauti ya jeshi, nikaweka pasi yangu kwenye kikapu mbele ya watu wote ili waone mfano, nikapanda mwenyewe kwenye jukwaa la kurukia kufungua njia. Nikatazama ng'ambo. Hakuna bendera.

Nikangoja. Bwana D.O. akatazama saa. Nikangoja tena, namtafuta Ireri kwa macho, simwoni, nikajua tu amekaa nyuma ya muringa anapiga nduma. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ni Munyi, kadeti mmoja mkimya, mwenye masikio makubwa.

"Mwalimu, bendera bado," akasema polepole.

"Bendera ni yenu," nikamwambia. "Mimi ni mwalimu."

Nikaruka.

Kapi lilipoanza kupiga kelele na upepo ukanijaza macho machozi, nilijiona mtu mkubwa sana, nikasikia makadeti wakishangilia, na nilipofika katikati ya mto nikaona kwa nini hakukuwa na bendera. Ireri alikuwa chini, ameketi, mikono kichwani. Mbele yake askari wawili warefu, wageni kabisa, sijawahi kuwaona, na bunduki. Na kamba ya breki ilikuwa inaning'inia, hakuna mtu aliyeishika. Waya hauna reverse, ndugu zangu. Nilimwita Mungu kwa majina yote ya misheni na ya kienyeji, nikapita kwenye magunia ya majani makavu tuliyoyapanga kupunguza mwendo, nikagonga kile kigogo cha mwisho, mkanda ukakatika, na kaptura (sasa mnaweza kucheka) ikanaswa na kulabu ikapasuka kutoka kiunoni mpaka nyuma kote. Nikaangukia mbele ya viatu vya askari.

"Nyinyi watu gani mnaruka kama tumbili?" akasema yule mkubwa. "Kipande wapi?"

Kipande ndiyo pasi; nikapeleka mkono mfukoni. Mfuko wenyewe ulikuwa umebaki kwenye kulabu, na hata ungekuwepo haukuwa na kitu.

"Kiko kwenye kikapu, afande. Ng'ambo."

"Huyu naye anasema kikapu, kama yule," akamwambia mwenzake, akimwonyesha Ireri kwa mdomo wa bunduki. "Genge moja."

Ireri akasema kwa haraka kwamba mimi ni mwalimu wake, na hilo ndilo lililotumaliza kabisa, maana wao walisikia mkuu wa genge. Kumbe wale homgadi wetu walikuwa wamehamishwa alfajiri, hawa wameletwa kutoka mbali sana, hawajui mtu, wameambiwa tu kwamba watu wa msituni wanavuka hapa.

"Mikono juu," akasema.

Hapo ndipo nilipokwama. Si kwa sababu ya kaptura, ingawa niliishika kwa mikono yote miwili na nikiiachia ingeshuka. Ni kwa sababu niligeuza shingo nikaona ng'ambo, jukwaani, Munyi ameshajifunga mkanda wa kapi la pili, yuko tayari, ananitazama mimi. Nikiinua mikono miwili, anaruka. Na akija akishuka kwa waya kutoka angani kuelekea kwa watu wenye bunduki, sikuhitaji kuambiwa kitakachomkuta. Mto ulikuwa ukinguruma, hata ningepiga kelele mpaka koo lipasuke asingesikia.

"Siwezi, afande," nikasema.

"Unasemaje?"

"Mikono siwezi kuinua. Yule mtoto ataruka."

Hakuelewa, na mimi nisingemlaumu. Alisikia mtu asiye na kipande akikataa amri. Akakoki bunduki. Nikapiga magoti, nikaibana kaptura, nikamwomba kwa Kiswahili chote nilichokuwa nacho.

Kwenye ukingo pale kulikuwa na wanawake waliotolewa kijijini kufyeka vichaka, kazi ya lazima, wamesimama na mapanga yao wananitazama. Askari akawageukia akauliza kama kuna anayenijua. Mmoja akatikisa kichwa. Ndipo nikamwona nyuma yao mama yake Kagendo, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani bunduki ifanye haraka.

Ningemwitaje? Nikimwita mama nitakuwa nimejiita mkwe kwa nguvu, mbele ya watu, nikiwa nusu uchi, na yeye hajanikubali. Nikinyamaza nakufa, na pengine Munyi baada yangu. Nilimtazama mara moja tu, kwa macho ya mbwa aliyeanguka kisimani. Naye akanitazama, akavuta nguo yake akafunika kichwa, akanigeuzia mgongo.

"Unaona," akasema askari. "Hata yule mama anakukataa."

Na mimi niliamini hivyo hivyo. Nawaambia ukweli, sikufikiria desturi wala nini, nilifikiria tu kwamba neno nililolingoja miezi yote hiyo limekuja, na limekuja siku mbaya. Nilisikia uchungu kuliko woga. Nikainamisha kichwa.

Askari akamshika mama bega ili amgeuze. Mama hakugeuka. Alikuwa na Kiswahili kidogo alichookota kwa wachuuzi Waislamu wa mjini Meru, waliokuwa wakinunua ndizi zake, akakitumia chote.

"Wacha mimi," akasema. "Huyo mimi siangalii."

"Kwa nini huangalii? Unaogopa?"

"Mutu sijui, naangalia. Wewe sijui wewe, nitaangalia wewe mpaka jioni. Huyo siangalii. Ni bwana ya mutoto yangu. Sisi mama hatuangalii mukwe, na kama hiyo nguo yake imepasuka, basi hata wewe geuka."

Wanawake wakashika midomo. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wote wakageuka wakanipa migongo, maana aliyeitwa mkwe wa mmoja wao ni mkwe wao wote. Yule askari akabaki amesimama kati ya migongo ya wanawake na mimi niliyepiga magoti, mwishowe akashusha bunduki. Nadhani hakuna genge la msituni alilowahi kusikia linapokelewa namna ile. Akasema tutapelekwa mpaka darajani, na kama hicho kikapu hakipo tutaona.

Tulizunguka kwa daraja, mbali, Ireri mbele na mimi nyuma nimejifunga kamba ya mgomba kiunoni, na njia nzima nilikuwa nalia na kucheka, askari akidhani nimerukwa na akili. Nimekubaliwa. Hakuna mama anayempa mgongo wa nthoni (ndiyo ile haya ya ukwe) mtu ambaye hajamkubali.

Tulipofika kambini, kikapu kilikuwepo, pasi zilikuwepo, na bwana D.O. alikuwa mwekundu kama pilipili. Munyi alikuwa bado amesimama jukwaani na mkanda wake. Kumbe D.O. alikuwa amemwamuru avuke, tena si mara moja, na kwa Kiswahili chake cha kizungu, "Wewe ngoja nini? Kwenda," na mtoto akamjibu kila mara kwa heshima, "Bado bendera, bwana." Alitishiwa kufukuzwa kambini akasema sawa, lakini bado bendera. Nilimfungua mkanda kwa mikono yangu mwenyewe na sikuweza kumtazama usoni, na hapo hakukuwa na ukwe wowote wa kusingizia.

Baba yake Kagendo alidai kondoo wa kusafisha yale macho ya mama yaliyoona uchi wa mkwe, nikampeleka siku mipaka ilipolegezwa, na niliahidi kwamba maisha yangu yote sitatangulia bendera tena, ahadi ambayo hata watoto wangu wananicheka nayo nikisimama mlangoni kwao nangoja mpaka mtu aseme karibu. Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakunitazama tena. Nilikuwa nikimwona anakuja njiani, anasimama, anavuta nguo kichwani, ananigeukia mgongo, na mimi naingia kwenye mahindi ya watu, nasimama humo nimevua kofia mpaka apite.