Treni iligonga basi letu, goti likaja kunikwamia ukweni Msanzi

Salaam wakuu. Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Wale wa utani wa uchawi wa Sumbawanga, radi na ungo, leo naomba mpumzike kidogo.

Kwanza mjue kwetu Sumbawanga hatuna reli. Mtoto anaweza kukua mpaka akaota ndevu hajaona treni. Mimi yangu niliifuata mwenyewe, nikiwa kwenye basi la kurudi nyumbani kutoka Mbeya.

Dereva alifika kwenye makutano ya reli na barabara, akaona atawahi. Hakuwahi. Kichwa cha treni kilitupiga ubavuni, upande wa nyuma, na mimi ndiko nilikokaa. Goti la kulia likabanwa kwenye siti ya mbele. Namshukuru Mungu, maana kuna wenzetu hawakufika nyumbani kabisa.

Hospitali wakanipiga picha, mfupa haukuvunjika. Nikapewa dawa na kuambiwa nihudhurie mazoezi ya goti. Nikaenda kidogo, nikaona mbona natembea, nikaacha. Mtaani kila mtu "umepona kaka, umepona kaka," na mimi nikakubali kwamba nimepona.

Wakuu, goti la ajali lina dharau.

Miaka imepita, lakini ikifika Juni, baridi ya kwetu ikipuliza, linauma mpaka nasaga meno. Nikilikunja sana linakwama, linagoma kama pikipiki iliyoishiwa mafuta. Halafu kuna habari ya honi. Lori likipiga honi ghafla najikuta nimekumbatia chochote kilicho karibu. Jumapili moja tukitoka misa nilimkumbatia padre.

Sasa tuje kwenye mada. Mchumba wangu anaitwa Leokadia, kwao Msanzi. Ikafika siku ya kwenda kujitambulisha.

Kwa wasiojua, kwetu mkwe hasalimii wakwe amesimama kama nguzo ya umeme. Unachuchumaa chini kabisa, unapiga makofi taratibu, unasubiri waitikie. Ukisalimia wima, hata ulete ng'ombe wangapi, umeshaonekana una kiburi.

Njiani mshenga wangu akanionya, "Habari za goti usizitaje. Mjomba wao ameshasema hataki mkwe mgonjwa. Matuta atalima nani?"

Leokadia akasema bora tuseme mapema. Mimi nikamsikiliza mshenga.

Tukafika. Nikachuchumaa vizuri, nikapiga makofi, "Shikamoo mama, shikamoo mjomba." Mama mkwe akaitikia kwa furaha, mjomba akaitikia, kisha akakohoa. Nikataka kuinuka.

Goti likagoma.

Nikajaribu tena, wapi! Nikaona nifanye nini, nikapiga makofi na kuwasalimia upya. Wakaitikia. Nikauliza habari za mahindi, makofi. Habari za ulezi, makofi. Habari za kuku, makofi. Nyuma nikamsikia shangazi mmoja akinong'ona, "Huyu kijana amelelewa jamani."

Jasho linanitiririka, na siku ile Msanzi ilikuwa baridi.

Nacheka sasa hivi, ila pale niliogopa kweli. Nilikuwa nampenda yule binti kupita maelezo, na nilimwona anaponyoka mbele ya macho yangu kwa sababu ya dereva aliyetaka kuwahi.

Mama mkwe akasema, "Mwanangu, heshima imetosha, njoo ukae."

"Hapa pananitosha mama."

Mshenga akawa anatazama dari kama fundi wa paa.

Leokadia ndiye aliyenyanyuka. Akaja, akapiga magoti pembeni yangu, akaingiza bega chini ya kwapa langu, akaniinua polepole kama anavyofanya siku zote. Goti likalia ko! mbele ya ukoo mzima.

Akasema bila kupepesa macho, "Mama, mwenzangu alipata ajali, basi na treni. Goti halijapona na sijui kama litapona. Mimi nalijua hivyohivyo, na ndiye ninayemtaka."

Mjomba akapata pa kuingilia, "Si nilisema? Sasa hilo shamba atalima nani?"

Mama mkwe akamgeukia taratibu. "Kaka, wewe magoti yako yote mawili mazima. Mbona shamba lako limejaa nyasi?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, mjomba naye mwishowe akacheka. Kikaletwa kigoda, nikaambiwa kuanzia leo mkwe atasalimia amekaa, makofi yake yatasikika tu.

Ndoa tumefunga. Mazoezi ya goti nimerudi, mtaalamu amenigombeza sana, anasema ningeendelea tangu mwanzo lisingefika huku. Siku hizi halikwami kama zamani, ila baridi bado linaijua.

Kwa hiyo wakuu mliowahi kupata ajali, kutembea siyo kupona. Hudhurieni kliniki mpaka mwisho, na msiwafiche watu wenu. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kimenifichua kigoti.

Karibuni kwenye comments, hasa ninyi mnaoshtuka honi. Mnafanyaje?

Halafu juzi nimeenda ukweni nikamkuta mjomba amekalia kigoda changu. Anasema tangu apalilie lile shamba, magoti yanamuuma.