Nilivyojificha Wodi ya Wazazi

Miaka ile nilikuwa daktari pekee Kamsamba. Niliwaandikia wenzangu niliosoma nao udaktari, nikilalamika kwamba kijiji chetu cha ujamaa hakina dawa.

Siku moja muuguzi alinijia mbio. "Daktari, kuna wanaume watatu wamekuja na Landrova. Wanakuulizia kwa jina."

Usalama wa Taifa! Barua yangu imesomwa! Nilikimbilia wodi ya wazazi, nikapanda kitanda kitupu na kujifunika blanketi gubigubi.

Hatua zikasogea. "Huyu mama vipi?"

"Ana uchungu," muuguzi akanisitiri. "Mwacheni apumzike."

"Usiogope, dada. Sisi ni madaktari, ngoja tumpime."

Mkono ukapapasa tumbo langu, ukasita, kisha ukafunua blanketi. Walikuwa wale wale niliowaandikia, wamebeba makatoni ya dawa, wakinitazama kama mtu aliyerukwa na akili.