Kwa Nini Vijana wa Jambazi Humkimbia

Leo nimeumbuliwa na mwanangu wa miaka saba.

Tulikuwa kwenye basi hapa Minneapolis. Neema ana kitabu chake cha katuni cha maktaba, mimi namsomea.

Yaani naangalia picha, natunga. Kile Kiingereza chake kinanishinda.

Tukafika pale vijana wa jambazi wanapomkimbia bosi wao.

Nikamwambia, "Wamechoka. Tangu asubuhi anawatuma tu, hata chai hajawapa."

Hivyo ndivyo kaka yangu alivyokuwa akinisomea utotoni kule Kigoma. Kila jambazi aliachwa na watu wake kwa sababu ya chai. Nimekua naamini hivyo, jamani.

Neema akaweka kidole kwenye maandishi. Akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hapo wameandika wanaogopa polisi.

Nilijua siku hii itafika, siku ambayo hatanihitaji tena kwenye vitabu vyake.

Akafunua ukurasa, akaniegemea.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili kabisa, "sema ya kwako. Huyu naye anasemaje?"

Tumepitiliza kituo chetu.

Nyie wenzangu, kaka zenu waliwasomeaje?