Koleta Si Dull

Bigwa, Jumanne jioni. Wenzangu mliohamia Kingolwira, naahidi kuwaeleza yote bila kuficha hata neno.

Leo nimembishia mwalimu!

Alikuwa akitufundisha neno la Kiingereza, dull. Akasema ni mtu mzito wa kichwa, asiyeshika mambo upesi. Kisha akamnyooshea Koleta chaki.

"Kwa mfano, Koleta ni dull. Kesho arudi darasa la nne."

Akauandika mfano huo ubaoni, darasa zima likacheka. Mimi sikucheka.

Koleta ametoka kuchezwa unyago juzijuzi tu. Mnajua mwali wetu anavyofundwa: asimtazame mkubwa usoni, asimjibu kwa sauti. Mwalimu ni mgeni milimani huku. Akimwuliza swali, Koleta anainamisha kichwa, naye mwalimu anamwona mjinga.

Nikasimama bila kuitwa.

"Samahani mwalimu, huyu si dull. Huyu ni mwali. Mpe hiyo chaki aandike."

"Veronika, umekuwa wakili wake?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akampa. Koleta akaenda ubaoni, macho chini, akaandika kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba yeye si dull, anasikiliza.



Mwalimu akafuta mfano wake. Sentensi ya Koleta akaiacha. Darasa la nne hakulitaja tena.

Mimi nikapewa adhabu ya kulima shamba la mihogo la shule kwa kusema bila ruhusa. Nililima huku naimba. Koleta naye akaja na jembe lake.

Sasa nijibuni upesi: huko kwenu, mwali akinyamaza darasani, nani anamsemea?