Supu ya kwanza ilichacha, Bi Mifupa akarudi jikoni

Saa moja asubuhi, mwanamke amechuchumaa uani mbele ya sufuria kubwa, upawa mkononi. Povu la kijivu linapanda taratibu; analikomba na kulimwaga kwenye kopo. Moto ukizidi, anavuta ukuni mmoja nje.

"Ikitokota kwa hasira inageuka maji ya kufulia," anasema bila kuinua macho. "Mifupa inabembelezwa."

Majirani humwita Bi Mifupa. Ana miaka arobaini na mitatu na watoto wanne. Kwa miaka kumi na mmoja aliosha vyombo mkahawani, hadi mkahawa ulipofungwa mwaka jana. Huko aliona migongo, shingo na mbavu za kuku zikitupwa kila siku, minofu ikishatolewa.

Siku hizi huamkia kwa muuza kuku, akachukua mabaki hayo kwa bei ya kutupa. Huyabanika kidogo, huyatia maji baridi, kitunguu na karoti, kisha huyapa moto mdogo kwa saa nne. Akiuza yote, anapata unga na mboga za siku hiyo. Asipouza, anakwenda kufulia watu nguo.

"Shoga, mbwa wa mtaa huu watakushtaki!" jirani anapaza sauti ng'ambo ya ukuta.

"Waje na wakili wao," anajibu.

Lakini leo roho iko juu. Mpishi mkuu wa hoteli moja alimwahidi kwamba supu ikimridhisha, atanunua lita kumi kila siku. Wiki iliyopita nafasi hiyo ilikaribia kumponyoka. Alichuja supu jioni, akaiacha wazi, sufuria ndani ya beseni la maji baridi ipoe haraka, akaenda kuoga, kisha usingizi ukamchukua. Wifi yake akapita, akaona nzi, akaifunika gubigubi.

"Nilimfanyia wema," wifi anajitetea huku akimenya karoti. "Nani anaacha chakula wazi?"

"Wema wako ulibana joto humo ndani mpaka asubuhi, wifi. Supu ikanuka kama soksi."

Wifi alishauri watie pilipili na limau, wapeleke hivyo hivyo. Bi Mifupa akaimwaga yote, akaenda hotelini mikono mitupu.

"Nilimwambia, 'Kaka, imechacha, sikuletei.' Nilijua ndiyo basi tena. Akanitazama weee, halafu akasema nirudi leo."

Saa sita kasoro, jikoni mwa hoteli, mpishi mkuu anachota kijiko. Anaonja. Anachota kingine. Bi Mifupa anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake.

"Mama, umesahau chumvi."

"Sijasahau, kaka. Wewe ndiye unayejua utaipikia nini. Nikitia mimi, nimekufunga mikono."

Mpishi anacheka, anawageukia wenzake. "Mmemsikia? Huyu ni mwenzetu." Kisha anamwambia, "Kesho lita kumi. Saa tatu uwe hapa."

Nje, Bi Mifupa anaketi kwanza kwenye ngazi. Anasema kufulia watu sasa basi, na fedha ya mwezi wa kwanza ameshaipangia kazi.

"Nanunua sufuria. Hii ni ya kuazima kwa jirani, mwenzangu. Mtu akioa tu mtaani, inakwenda kupikia pilau, mimi sina kazi siku tatu."