Baraka Niliyompa Mzee wa Brussels

Mtaa mzima wa Rockey, hapa Yeoville, Johannesburg, wananijua kwa utani. Kwa hiyo nikikwambia hili lilinitokea kweli, utacheka. Cheka kwanza, umalize, halafu unisikilize.

Miye ni kinyozi, mtu wa Uvira, Kongo, nimeishia darasa la sita. Ulaya sijakanyaga hata uwanja wake wa ndege. Lakini saluni kwangu nilikuwa "yule aliyerudi Brussels". Shangazi yangu anaishi kule, ananitumia picha, na yanayobaki nayajazia mwenyewe. Wateja walipenda. Niliwaelezea kiwanja chenye nyumba za kuta za dhahabu, na yule mtoto wa shaba anayekojoa barabarani mchana kweupe huku wazungu wanapiga picha. Niliwaambia juu ya mtaa wa Matonge, unapata pondu, yaani kisamvu, na samaki wa chumvi kama uko kwenu. Na ile mipira mikubwa ya chuma iliyosimama angani, nilisema niliipanda nikaona mpaka Ufaransa. Nani angenibishia? Wote tuko Joburg, eish.

Kumbe kulikuwa na mmoja anayesikiliza bila kucheka. Bahati, fundi cherehani wa Bellevue, mtaa wa jirani, kijana wa kwetu. Ananiita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa. Mwaka 2015, mwezi wa sita, aliingia na begi mgongoni. Kauza cherehani. Anakwenda Brussels kwa barabara, nchi kwa nchi, mpaka jangwani, mpaka baharini. Alikuja kwa jambo moja tu. Kwetu, mtu akisafiri mbali, aliyewahi kwenda akarudi hutema mate kidogo kiganjani, akampaka kwenye paji la uso, ili naye arudi. Hapa mjini wazee wetu hawapo. Kati ya watu wote anaowajua Bahati, aliyekwenda akarudi ni miye.

Wewe ungefanyaje? Saluni imejaa, wote wananitazama. Nikampaka mate, nikamtania amsalimie yule mtoto wa shaba. Akatoka anafurahi, basi lake linaondoka jioni hiyo hiyo. Wateja nao wakatawanyika.

Sidhani alikuwa amefika kwenye roboti, taa za barabarani pale kona. Umeme ukakatwa, na mzee mmoja akaingia.

Hakuwa na viatu. Alivaa koti la kizungu juu ya kitambaa chepesi, na unajua Juni ya Joburg inavyouma. Akakaa kwenye kiti, akaomba nimpunguze nywele. Mashine haina umeme, nikachukua mkasi. Niamini: kila nywele niliyokata ilidondoka na maji. Nakata, yanachuruzika shingoni mwake, sakafu inalowa, na nje jua linawaka.

Akasema amesikia naijua Brussels. Yeye pia aliwahi kupelekwa. Akasimulia polepole jinsi walivyopandishwa meli kutoka Kongo, wengi, wakajengewa kijiji cha majani kwenye bustani ya mfalme wa Ubelgiji, nje kidogo ya mji, karibu na ziwa. Mvua ikawanyeshea. Wazungu walikuja na watoto wao, wakasimama nyuma ya uzio, wakawarushia peremende. Wengine waliugua, wakafa, wakazikwa huko huko. Mambo hayo nilishayasikia kwa shangazi. Ni ya enzi za babu wa babu yangu. Hapo nikajua nimeshika kichwa cha nani.

"Makaburi yetu yako ubavuni mwa kanisa," akasema. "Ulipita kututazama?"

Sijui nilishikwa na nini. Mazoea tu. Nikamjibu, "Nilipita, mzee. Pasafi. Nikaweka na maua."

Akafumba macho. "Tulidhani hakuna mtu wa nyumbani anayepita. Asante, mwanangu." Kisha akaniinulia uso. "Nimeona ulichomfanyia yule kijana. Nifanyie na mimi. Nimechoka kule."

Mdomo wangu ulikuwa mkavu kama unga. Nikatema kidogo kilichopatikana, nikampaka. Baridi yake ikapanda mkono wangu mpaka begani. Akangoja. Tukangoja wote wawili. Akanitazama, wala hakukasirika. Afadhali angenipiga.

"Bado niko kule," akasema.

Umeme ukarudi. Kiti kitupu.

Nikampigia Bahati hapo hapo, tayari yuko ndani ya basi. Nikamwambia sijawahi kwenda, yote ni uongo, mate yangu si kitu, ashuke. Akacheka mpaka akakohoa. "Yaya, wewe huishiwi. Hata leo unanitania?" Nikaapa kwa jina la mama yangu. Akasema sharp, sawa, atanipigia akifika. Alipiga mara moja tu, kutoka jangwani. Halafu kimya.

Mkono huu wa kulia haupati joto hata Desemba ya jua kali. Nanyoa kwa wa kushoto, wateja wanalalamika. Na wewe mwenye maneno matamu ya miji ambamo hujalala hata usiku mmoja, acha leo, kabla hajatokea mtu wa kukuamini.

Mama yake Bahati hunipigia kutoka Uvira. Haulizi kama mwanaye yuko hai, anauliza kama huko Brussels saa hizi ni baridi, maana nani anapajua kama miye? Nami, baada ya yote haya, namjibu kwamba ni baridi, mama, lakini koti analo.