Jina la Apolinary kwenye Makaburi ya Mjini

Jovina alikuwa na miaka saba baba yake, Apolinary Lwakatare, alipozama ziwani karibu na kisiwa cha Goziba. Ndivyo alivyoambiwa. Jeneza lilifika Kanazi likiwa limeshapigiliwa misumari, likazikwa kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, katikati ya migomba. Kwa miaka thelathini na minane Jovina alilipalilia kaburi lile mwenyewe, kila Jumamosi, na alipokuwa mtu mzima, akitoka kwenye kibarua chake cha kuotesha miche ya migomba huko Maruku.

Juni mwaka huu, akina mama wa jumuiya yake walikwenda Bukoba kutembezwa kwenye makaburi ya zamani ya mjini. Aliyewaongoza ni Avit, mwalimu mstaafu wa historia. Aliwaonyesha walikolala wanunuzi wa kahawa, mabaharia wa meli na makarani waliotoka mbali.

"Mhaya humu ni wa kutafuta kwa tochi," alisema. "Sisi tunazikwa vibanjani kwetu. Yupo mmoja tu, na habari zake sizijui."

Akasukuma majani kwa fimbo. Chini yake palikuwa na bamba la saruji, limeandikwa kwa msumari: APOLINARY LWAKATARE, KANAZI, 1986.

"Jovina," jirani yake Celina alinong'ona, "si baba yako huyu?"

Jovina alisoma mara tatu. Akakaa chini palepale kwenye nyasi zenye umande. Kanazi haikuwa na Apolinary Lwakatare mwingine. Avit alimletea maji.

Aliporudi Kanazi alimkuta mama yake, Ephrasia, jikoni akimenya ndizi. Hata shikamoo hakutoa.

"Mama, kule kibanjani tulimzika nani?"

Kisu kilisimama. "Umekwenda mjini," Ephrasia alisema taratibu.

"Nani, mama?"

"Shina la mgomba, mwana wange. Nililizungushia shuka, fundi akapigilia jeneza."

Jovina alishika mlango. 

"Taata, baba yako, hakuzama," mama yake aliendelea. "Alitoka kisiwani ameisha, mifupa mitupu. Ugonjwa ule waliokuwa wakiuita Juliana, UKIMWI wa leo. Nikawaambia watu nakwenda Muleba kwa dada yangu, kumbe nipo mjini namuuguza. Mwezi mzima. Ningemleta huku wamwone vile, baba zako wadogo wangetufukuza kibanjani, na nyie hakuna mtoto ambaye angecheza nanyi. Lile jina niliandika mimi, saruji ikiwa bado mbichi."

"Na mimi nikapalilia mgomba miaka yote hiyo! Ukiniangalia!"

"Nikikuangalia," Ephrasia alikubali. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Kila Jumamosi nilitaka kusema."

Siku tatu Jovina hakumsemesha. Alipika, akamtengea chakula, akatoka nje. Siku ya nne mama yake alimwita.

"Bamba limepasuka?"

"Pembeni kidogo."

"Nipeleke."

Jumapili baada ya misa walikwenda. Ephrasia hakuwa amekanyaga pale tangu siku ile ya kuzika, lakini hakuuliza njia. Jovina alimshika mkono kwenye mteremko.

"Sijakusamehe, mama," alimwambia.

"Najua," Ephrasia alijibu, akaendelea kutembea.